Ufunguo Ambao Verlene Hakuuzungusha

Boti ilifika nyumbani kwa Verlene Wrobel ikiwa juu ya trela, imefunikwa turubai la buluu, na kabla turubai halijaondolewa mumewe Kaz alikwisha kuipa jina. Aliiita mke mwenza. Alisimama kibarazani na kikombe chake cha kahawa, akaipima kwa macho kuanzia omo hadi tezi, kisha akauliza kama huyu mke mwenza atalala ndani au nje.

"Nje," Verlene alimjibu. "Na wewe ukizidisha maneno utalala naye."

Ilikuwa boti ya faiba, kongwe kuliko mtoto wao wa kwanza, yenye kijumba kidogo ambamo watu wawili wangeweza kulala ikiwa hawajagombana. Injini yake ya petroli haikuning'inia nje kama zile za wavuvi. Ilikaa ndani, nyuma kwenye tezi, chini ya kifuniko kipana kilichofanana na sanduku la nguo. Rangi ilikuwa imepauka, mito ya viti ilinuka panya, na nyuma palikuwa na jina lililoandikwa kwa mkono usiotulia: Zamu ya Pili. Verlene alipolisoma jina lile alijua kwamba aliyeimiliki kabla yake alikuwa mtu wa kiwandani kama yeye, na bila shaka ndilo lililomfanya ainunue.

Maana Verlene alikuwa mtu wa zamu. Wazazi wake waliteremka kutoka milima ya Kentucky kutafuta kazi Michigan, na yeye mwenyewe aliingia kiwanda cha injini, kusini ya Detroit, akiwa bado na chunusi usoni, akatoka akiwa na mvi. Kazi yake ilikuwa kukaza, kupima na kupitisha. Kila mapumziko aliketi kwenye dirisha la ghorofa ya juu, akala mkate wake huku akiutazama mto. Meli ndefu za madini zilipita, na pembeni yao boti ndogo zilizojaa watu waliovaa kofia za jua. Alijiambia kwamba siku moja naye atapita pale, na mtu mwingine atamtazama kutoka dirishani akiwa na mkate mkavu.

Kuitamani boti hakukuwa jambo gumu. Pa kuifunga ndipo palipokuwa pagumu. Haifai kulinyamazia jambo hili: mto ule ulichafuliwa kwa jasho na moshi wa wafanyakazi, na ulipokuja kusafishwa, ukingo wake ukauzwa kwa wenye nacho, ukazungushiwa uzio, ukawekewa vibao vya kumfukuza mpita njia. Waliotengeneza mali wakaachiwa haki ya kuyatazama maji kupitia matundu ya seng'enge. Tundu pekee lililobaki wazi, kwa maili nyingi, lilikuwa Klabu ya Boti ya Wafua Vyuma, iliyoanzishwa na mababu wa watu wale wale kwenye mdomo wa kijito kimoja chenye matope. Ada yake ilikuwa ndogo, na sehemu yake kubwa ililipwa kwa kazi: kupaka rangi, kufagia, kukarabati gati. Verlene alingoja nafasi kwa miaka. Majira haya ya kuchipua mzee mmoja alihamia Florida, nafasi ikapatikana, na Verlene akaitwa.

Lakini aliitwa kwa sharti. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mwanachama mpya alipaswa, Jumamosi ya ufunguzi, mbele ya macho ya wote, aiwashe boti yake, atoke kijitoni kwa nguvu ya injini yake mwenyewe, alizunguke boya jekundu lililoko mtoni, na arudi. Akishindwa, nafasi ingekwenda kwa anayefuata. Aliyefuata aliitwa Randy Pfeiffer, muuza matairi, mwenye boti inayong'aa kama jino la dhahabu, naye alikwisha kuonekana akilipima gati kwa hatua.

Basi Verlene aliuchukua mwezi mzima wa Aprili akawa chini ya kifuniko kile. Alianza na sakafu, akiichoma kwa bisibisi kila mahali kutafuta mbao zilizooza, kwa sababu boti kuukuu, kama mtu mwenye adabu, huoza ndani kabla ya kuonyesha nje. Alibadilisha mikanda, mipira, na pampu ya maji ya kupozea. Aliosha mito ya viti mara nyingi na bado panya hawakusahaulika. Kaz, aliyekuwa fundi wa vigae mpaka magoti yalipokataa, na ambaye hakuwahi kuyaamini maji yanayozidi kina cha beseni, alimletea soseji na matango ya siki na kumuuliza kama mke mwenza ameamkaje.

Kilichobaki kilikuwa stata, ile mota ndogo ya kuiamsha injini. Ilikuwa imeliwa na kutu, ukizungusha ufunguo ililia mara moja kama mbwa aliyekanyagwa, kisha kimya. Verlene aliifungua, akaitazama injini ile kwa tochi, akacheka peke yake. Aliijua. Tumbo lake, vichwa vyake, mpangilio wa bolti zake: ni injini ile ile iliyopita mbele yake kiwandani kwa maelfu, ikienda kuvishwa pikapu. Akaenda duka la vipuri vya magari lililoko njia panda, akarudi na stata ya pikapu. Bolti zilikaa mahali pake kama wanandoa wa siku nyingi. Akaunganisha mpira wa bustani ili injini ipate maji ya kupozea, akakiondoa kifuniko kabisa akakiweka kwenye majani, akazungusha ufunguo. Injini ilinguruma mpaka jirani akatoka na taulo kiunoni.

"Mke mwenza ana sauti," Kaz alisema. "Simlaumu. Nami ningepiga kelele kama ningelala nje."

Hakuna mtu wa sehemu zile ambaye asingefanya alichofanya Verlene. Ni watu waliozaliwa katika mlio wa injini. Baba zao walizijenga, shangazi zao walizikaza, na ukiwaambia kwamba injini ya boti ina mambo yake watakutazama kama uliyewafundisha kumenya viazi. Inafanana, husema, na neno hilo kwao limemaliza mjadala. Neno hili "inafanana" limewaua watu wengi duniani, na si wa boti peke yao, nalo halijawahi kupelekwa mahakamani.

Jumamosi ya ufunguzi ilipambazuka na jua la baridi. Zamu ya Pili ilikuwa imeteremshwa majini jana yake kwa kreni ya klabu, ikafungwa kwenye gati la wageni. Wanachama walijipanga na viti vyao vya kukunja, bia zikiwa kwenye ndoo za barafu, samaki wakikaangwa, na sufuria la pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vya kuchemsha, lililopikwa na Kaz likipokewa kwa heshima kuliko alivyopokewa mwenyewe. Kuwatazama wapya wakihangaika ndiyo iliyokuwa burudani kuu ya mwaka. Mtu mmoja alimuuliza Verlene kama amekuja na makasia. Mwingine alimuuliza Kaz kama bima ya maisha ya mkewe imelipiwa, Kaz akajibu kwamba imelipiwa, ila anayekula faida ni dada yake Verlene, kwa hiyo afadhali aishi.

Halafu aliitwa Pua.

Pua ya klabu ilikuwa mali ya Ottilie Nagy, mpishi mstaafu wa shule ya msingi, mwanamke mrefu mkavu asiyewahi kuvuta sigara wala kupaka manukato. Kazi yake ilikuwa moja. Kabla ya injini ya ndani kuwashwa kwa mara ya kwanza katika msimu, mtu asiye mwenye chombo alifungua kifuniko, akainamisha kichwa, akanusa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauruki ukapotea, bali hutambaa na kushuka hadi kwenye ngama, lile tumbo la chini ambako maji machafu hukusanyika, ukalala humo ukingoja cheche. Mwenye chombo hasikii harufu ya chombo chake, kama vile hakuna asikiaye harufu ya nyumba yake. Ndiyo maana waasisi waliamuru pua iwe ya mwingine.

Ottilie aliinama, akakaa humo kwa muda uliowafanya watu waache kutafuna, akainuka.

"Petroli," alisema.

Viti vilicheka. Verlene alipiga magoti, akaufuata mpira wa mafuta kwa vidole mpaka akafika mahali palipokuwa na unyevu kama jasho la mdomo wa juu. Akakaza kishikizo, akafuta, akakausha, akawasha feni ya kutoa hewa chini na kuiacha ivume. Ottilie alirudi kuinama.

"Sasa je, dada?" Verlene aliuliza.

"Sasa nasikia panya."

Watu walicheka tena, na kicheko hiki kilikuwa cha kumpokea. Kamanda wa klabu, Elmer Lachance, mzee mnene mwenye kofia nyeupe aliyeivaa hata kanisani, alishuka botini kuweka sahihi yake, kwa desturi tu. Akamulika ndani kwa tochi, na tochi ikasimama mahali pamoja. Akainama karibu na sikio la Verlene.

"Stata ya pikapu hiyo, ndugu yangu."

Verlene alisema ndiyo, injini ni ile ile.

Elmer alimweleza kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya upishi. Injini ni ile ile, kweli, stata siyo. Ya boti imezibwa, cheche zake hubaki humo humo ndani. Ya gari iko wazi, kwa sababu chini ya gari upepo unapita na mvuke hauna mahali pa kulala. Ya boti ina bei mara tatu. "Lakini usijali," aliendelea, akimpiga bega. "Feni imevuma, Pua imenusa. Humu wote tunazo hizo hizo. Zungusha twende tukale."

Ufunguo ulikuwa umekwisha kuingia mahali pake. Verlene alikuwa ameushika. Mbele yake mdomo wa kijito ulikuwa wazi, na nje yake boya jekundu likitikisika katika mawimbi ya meli iliyopita, na nyuma yake walikaa watu ambao, akizungusha tu, wangekuwa watu wake mpaka kufa. Hakuna ambaye angejua. Hata Elmer alikuwa amekwisha kugeuka kupanda gatini.

Kiwandani, juu ya mstari wa kazi, ilining'inia kamba nyekundu. Ukiivuta, mstari wote husimama. Kila mfanyakazi aliambiwa siku ya kwanza kwamba ana haki ya kuivuta, na kila mfanyakazi alijifunza siku ya pili kwamba haki hiyo ni ya kutazamwa. Verlene aliivuta zamu moja. Bolti zilizoletwa zamu ile zilikuwa laini, alizihisi zikivutika chini ya spana yake, akavuta kamba, na kiwanda kizima kikanyamaza. Msimamizi alikuja mbio amevimba shingo. Wenzake walikosa posho ya zamu, na kwa majuma kadhaa hakuna aliyekaa naye dirishani. Bolti zilipopimwa zilirudishwa zote, na hakuna aliyemwambia samahani. Hakuingoja. Alichojifunza ni kwamba kamba haivutwi na mwenye cheo wala mwenye elimu. Huvutwa na yule ambaye mkono wake umeligusa kosa.

Akauchomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Siwashi," alisema.

Elmer aligeuka. "Unasemaje?"

"Nimesema siwashi. Nilikuwa sijui, sasa najua. Nitaiwasha nikipata stata yake."

"Dada Verlene, ufunguzi ni leo. Usipolizunguka boya leo, nafasi inakwenda kwa Pfeiffer. Mimi sikuitunga sheria."

"Sikuombi uivunje," Verlene alisema. "Nauliza tu. Hii sheria ya kunusa na kumulika, ni ya wageni peke yao?"

Elmer alivuta kofia yake. Alikiri kwamba zamani ilikuwa ya wote. Siku hizi, kwa kuwa watu wanafahamiana, imebaki kwa wapya.

"Mimi pua yangu haijaalikwa kwenye boti ya Kamanda tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi," Ottilie alisema, bila kumtazama mtu.

Hapa ndipo penye uoza, nao si wa klabu ile tu. Sheria hutungwa na watu waliokwisha kumzika mwenzao, kisha hurithiwa na watu ambao hawajazika, nao huigeuza kuwa mchezo wa kumjaribu mgeni. Sheria inayomfunga mgeni peke yake haina tofauti na mzaha, ila mzaha hauandikwi ukutani.

Elmer, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya bali mtu aliyezoea, alifanya alichokijua: alitangaza kwamba boti ya mama Wrobel haikutoka, akamwita Pfeiffer. Verlene alifungua kamba zake, akaisukuma Zamu ya Pili kwa mti mpaka pembeni ili mwenzake apite. Kaz alikuja ukingoni mwa gati, karibu na maji kuliko alivyowahi kufika, akamuuliza kwa sauti ndogo kama analia.

"Silii. Ni upepo."

"Upepo ni wa kusini, na wewe umeangalia kaskazini," Kaz alisema. "Haidhuru. Mke mwenza atarudi nyumbani, nitamtandikia."

Pfeiffer aliingia na boti yake inayong'aa, akainua kifuniko mwenyewe kwa kiburi, kama mtu anayefunua keki ya harusi. "Kila kitu kipya," alitangaza. "Hakuna hata skrubu kuukuu humu. Nuseni mnavyotaka."

Ottilie alinusa, akasema hakuna kitu. Elmer angeishia hapo, lakini watu walikuwa wamekwisha kusimama kwenye viti, na mmoja wao alimpa tochi mkononi. Akamulika. Kila kitu kilikuwa kipya kweli: stata ya pikapu, altaneta ya pikapu, na pampu ya mafuta ya pikapu, zote bado zina vibandiko vya duka la njia panda.

Gati lilipasuka kwa kicheko. Pfeiffer aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akageuka mwekundu. "Mnacheka nini?" aliuliza. "Aliyenishauri ninunue pale ni nani? Si wewe, Walt? Si wewe, Kamanda?"

Kicheko kilikatika kama redio iliyochomolewa. Nyani haoni kundule, lakini akilazimishwa kuketi mbele ya kioo hana budi. Watu waliangalia bia zao. Kisha yule Walt, aliyekuwa amemuuliza Verlene habari za makasia, aliweka chupa chini, akatembea hadi kwenye boti yake, akainua kifuniko, akakiacha wazi. Akafuata wa pili. Vifuniko viliinuliwa gati zima, kimoja baada ya kingine, na Ottilie akapita akinusa, nyuma yake tochi. Wengi walikuwa na za magari. Wachache waliokuwa na za boti walizikuta hapo waliponunua, wala hawakujua. Kwenye boti moja Ottilie hakuhitaji hata kuinama; alirudi nyuma hatua, akaomba watu wazime jiko la samaki mara moja.

Boti hiyo ilikuwa ya Kamanda.

Elmer alivua kofia nyeupe. Kichwa chake kilikuwa na upara ambao wengi walikuwa hawajauona. Alitazama ngama yake iliyokuwa ikimeta mafuta juu ya maji, akaitazama stata iliyokuwa nusu mkono tu kutoka hapo, kisha akawatazama wajukuu wake wawili waliokuwa wamekaa omo na makoti yao ya kuokolea maisha, wakingoja safari ya kwanza ya mwaka.

"Shukeni, watoto," alisema. "Leo hakuna safari."

Aligeuka akamtafuta Verlene. "Mgeni njoo mwenyeji apone," angesema Mswahili. Elmer hakuwa na methali hiyo, kwa hiyo alisema tu kwamba ufunguzi umeahirishwa, kwamba leo hakuna boti iliyotoka, na kwamba, kwa hiyo, hakuna aliyeshindwa kutoka. Akauliza kama kuna anayepinga. Pfeiffer alifungua mdomo, akakitazama kibandiko kwenye pampu yake, akaufunga. Kisha watu walikula samaki waliokaangwa upya mbali kabisa na maji, na sufuria la Kaz likamalizwa hadi mkwaruzo.

Ufunguzi ulifanyika wakati stata zilipowasili, na duka la vifaa vya boti halikuwahi kuuza vile katika maisha yake. Zamu ya Pili ilipangwa ya kwanza, kwa kuwa Verlene ndiye aliyekuwa wa kwanza kuagiza. Aliinua kifuniko, akarudi nyuma, akamwita Ottilie. Safari hii pua haikuitwa kwa ajili ya Verlene peke yake. Nyuma yake wanachama wote walikuwa wamesimama kando ya vyombo vyao, vifuniko wazi, wakingoja zamu kama wagonjwa wa meno, na Kamanda akiwa wa mwisho kwa hiari yake.

Ottilie alikaa na kichwa chini muda mrefu.

"Vipi?" Verlene aliuliza.

"Kabichi."

Ilikuwa ni Kaz. Alikuwa ameketi ndani ya kijumba, amevaa makoti mawili ya kuokolea, moja juu ya jingine, akikumbatia sufuria lenye kabichi chachu na soseji kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyemwona akipanda. Mkewe alimtazama, naye akatazama dari.

"Nimekuja kumlinda mke mwenza," alisema. "Washa kabla sijapata akili."

Verlene aliiacha feni ivume, akaingiza ufunguo, akauzungusha. Injini iliitika mara moja. Wakatoka kijitoni polepole, wakapita mbele ya uzio na vibao vya wenye nyumba, wakaufikia mto. Meli ya madini ilikuwa ikipanda dhidi ya mkondo, ndefu kama mtaa, na nyuma yake, ng'ambo ya bomba za moshi, kiwanda kilikuwa na madirisha yake ya ghorofa ya juu. Kwenye mojawapo palikuwa na mtu. Verlene hakuweza kuona kama alikuwa na mkate. Hata hivyo alimpungia mkono, kisha akakata kona kulizunguka boya jekundu, kwa upana, ili sufuria la Kaz lisimwagike.